Injini ya pikipiki kukosa oili

Injini ya pikipiki kukosa oili ni hali ambayo pampu ya injini inashindwa kufikisha oili ya kutosha kwenye sehemu zinazosuguana. Sababu yaweza kuwa oili imepungua, au oili ipo lakini imehama kutoka mahali pampu inapoifyonza. Hali hii ya pili hutokea hasa pale injini iliyobuniwa kwa ajili ya pikipiki inapofungwa kwenye chombo kisicholala kinapokata kona, kama vile gari dogo la mashindano au pikipiki ya miguu mitatu ya kubebea mizigo, ambayo Watanzania huiita guta au toyo. Injini ya namna hiyo inaweza kuharibika kwa sekunde chache, hata kama kijiti cha kupimia kilionyesha oili imejaa kabla ya safari.

Nchini Tanzania jambo hili si la wapenzi wa mbio za magari peke yao. Katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji, kwenye kata kama Buzebazeba, bodaboda, bajaji na guta ndizo zinazobeba abiria na mizigo kila siku, na mara nyingi chombo kimoja kinalisha familia mbili, ya mwenye chombo na ya dereva. Injini ikikwama, zote mbili hukosa.

Kazi ya oili

Oili ya injini hulainisha, hupoza, husafisha na huzuia kutu. Kazi ya kwanza ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Wengi hudhani kwamba oili hupunguza tu msuguano kati ya chuma na chuma. Katika beringi iliyotengenezwa vizuri, chuma hakigusi chuma kabisa. Shafti inapozunguka huikokota oili na kuisukuma kwenye nafasi nyembamba kati yake na bushi, na msukumo unaotokea huinyanyua shafti ikaelea juu ya utando wa oili wenye unene wa sehemu chache tu za elfu ya milimita.

Jambo hilo liligunduliwa nchini Uingereza na mhandisi Beauchamp Tower mwaka 1883, alipokuwa akichunguza beringi za aina ya zile za mabehewa ya treni. Alitoboa tundu juu ya beringi, na oili ikaanza kupanda kupitia tundu hilo. Alipoliziba, kizibo kilisukumwa nje. Hapo ilidhihirika kwamba ndani ya oili kuna shinikizo kubwa linalobeba mzigo. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu jinsi shinikizo hilo linavyojengeka, na hesabu zake zinatumika hadi leo katika kubuni beringi.

Utando huo hauwezi kujihifadhi wenyewe. Oili hutiririka nje ya kingo za beringi muda wote, kwa hiyo pampu lazima iendelee kuleta nyingine. Pampu ikifyonza hewa badala ya oili, utando huvunjika, chuma hugusa chuma, joto hupanda ghafla na bushi huanza kuyeyuka au kung'ang'ania kwenye shafti.

Kuhusu kutu, mfano mzuri uko Kigoma kwenyewe. Meli ya Kijerumani Goetzen, iliyozinduliwa Kigoma mwaka 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa maadui. Kabla ya kuizamisha, wahandisi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi haikuwa ikizungusha kitu chochote huko chini ya maji. Ilichofanya ni kuzuia maji yasigusane na chuma.

Kwa nini pikipiki yenyewe haipati shida kwenye kona

Injini nyingi za pikipiki za leo huweka oili yake kwenye bakuli lililo chini ya injini, ambalo mafundi huliita sampu. Ndani ya bakuli kuna kinywa cha kufyonzea chenye wavu, na kinywa hicho hakina budi kuzama ndani ya oili wakati wote.

Chombo kinapokata kona, kila kitu kilicholegea ndani yake huelekea upande wa nje wa kona. Abiria wa daladala huliona hilo anapomwegemea jirani yake. Oili hufanya vivyo hivyo. Uso wake hauwi tena wa usawa bali huinama, na pembe ya kuinama hutegemea uwiano kati ya mchapuko wa kona na mchapuko wa mvutano wa dunia. Mchapuko wa kona ukilingana na mvutano wa dunia, uso wa oili huinama nyuzi 45. Oili yote inaweza kujikusanya kwenye ukuta mmoja wa bakuli na kuacha kinywa cha pampu kikiwa wazi.

Lakini mwendesha pikipiki hulala na chombo chake kwenye kona. Pembe anayolala ni karibu sawa na ile ambayo oili ingeinama, kwa hiyo kwa upande wa bakuli oili hubaki palepale chini, kana kwamba pikipiki imesimama wima. Ni kama ndoo ya maji inayozungushwa kwa mkono: maji hayamwagiki kwa sababu ndoo nayo inafuata mzunguko. Mbuni wa pikipiki kwa hiyo alihitaji kufikiria zaidi kusukumwa kwa oili mbele wakati wa breki na nyuma wakati wa kuondoka. Kona hakuhitaji kuiwekea ulinzi mkubwa, maana mwendeshaji alikwisha kuifanya kazi hiyo kwa kiuno chake.

Injini hiyohiyo ikifungwa kwenye chombo cha magurudumu matatu au manne, ulinzi huo hupotea. Chombo hakilali. Kama kinaegama, huegama upande wa nje, yaani upande mbaya.

Katika magari ya mashindano

Huko Uingereza na kwingineko kuna desturi ya kujenga magari madogo mepesi kwa vipande vinavyouzwa kama seti, mengi yakifuata umbo la Lotus Seven ya mwaka 1957. Wajenzi wengi hupenda kuyafunga injini za pikipiki kubwa kama Honda Fireblade, Yamaha R1 au Suzuki Hayabusa, kwa kuwa ni nyepesi, zina nguvu nyingi na huja na giaboksi yake ndani. Kampuni ya Radical, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, imejenga magari ya mbio kwa kutumia injini zilizotokana na za pikipiki. Wanafunzi wa vyuo vikuu duniani kote nao hutumia injini za pikipiki katika mashindano ya Formula SAE, yaliyoanza Marekani mwaka 1981.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa hatari. Gari linalokata kona yenye nusu kipenyo cha mita 40 kwa mwendo wa kilometa 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, lina mchapuko wa 20 × 20 ÷ 40, sawa na mita 10 kwa sekunde mraba. Hiyo ni zaidi kidogo ya mvutano wa dunia. Kona ya nusu duara ya namna hiyo ina urefu wa mita 126 hivi, na gari hulimaliza pinde hilo kwa sekunde 6 na ushee. Kama injini inazunguka mara 10,000 kwa dakika, katika muda huo krenki itazunguka zaidi ya mara 1,000. Pampu ikifyonza hewa kwa theluthi moja tu ya kona, bado ni mizunguko zaidi ya 300 bila oili mpya, na hiyo ni kona moja katika mzunguko mmoja wa uwanja.

Waandaaji wa Formula SAE wanaijua hesabu hii. Kabla ya kuruhusiwa kukimbia, kila gari hulazwa juu ya meza inayoinama hadi nyuzi 60, pembe inayolingana na mchapuko wa kona wa mara 1.7 ya mvutano wa dunia, na halitakiwi kuvujisha kimiminika chochote. Jaribio hilo huangalia kuvuja na kupinduka. Kama kinywa cha pampu bado kimezama, hilo ni juu ya wanafunzi wenyewe kulihakikisha.

Wajenzi wengi huongeza tatizo kwa mikono yao. Bakuli la oili la pikipiki huwa refu kwenda chini, na ndani ya gari fupi hukaribia kugusa barabara, kwa hiyo hukatwa na kufanywa bapa. Bakuli bapa lina oili yenye kina kidogo, na oili yenye kina kidogo ndiyo inayokimbia upesi zaidi kwenye kona.

Njia za kuzuia

Njia rahisi kuliko zote ni kuhakikisha kiwango cha oili kiko kwenye alama ya juu. Madereva wengine wa mbio huzidisha kidogo makusudi, lakini hilo lina mpaka wake. Oili ikifikia krenki hupigwa kama mayai, hujaa mapovu, na pampu hufyonza povu badala ya oili. Povu hupita kwenye beringi bila kubeba mzigo, nayo oili ya ziada husukumwa nje kupitia mpira wa kupumulia.

Hatua inayofuata ni kuweka kuta ndani ya bakuli ili kukizungushia kinywa cha pampu kijumba kidogo. Kuta hizo huwekewa milango midogo inayofunguka kuelekea ndani tu. Oili ikikimbilia upande mmoja huingia kijumbani, na ikitaka kurudi mlango hujifunga. Mvuvi wa ziwa Tanganyika hahitaji maelezo marefu, maana ni kanuni ya mgono: samaki huingia kwa urahisi, kutoka ndiyo kazi. Juu ya kijumba huwekwa bamba la kuzuia oili isipande ukutani na isipepetwe na upepo wa krenki. Kwa gari la mazoezi ya kawaida, hatua hii ikitengenezwa kwa uangalifu mara nyingi hutosha, na ni bora kuliko kununua vifaa vya bei juu yake bila kuigusa sampu.

Kwa matairi yenye mshiko mkubwa, wengine huongeza tangi la akiba. Hili ni silinda yenye pistoni ndani, upande mmoja hewa na upande wa pili oili. Shinikizo la injini likiwa zuri, oili huingia na kuibana hewa. Shinikizo likishuka, hewa huisukuma oili irudi kwenye injini. Tangi la lita moja au mbili huweza kuivusha injini kwenye kona ndefu. Faida nyingine ni kwamba linaweza kufunguliwa kabla ya kuwasha injini baridi, ili beringi zipate oili kabla ya mzunguko wa kwanza.

Suluhisho kamili ni mfumo wa sampu kavu. Hapo bakuli chini ya injini halihifadhi oili. Pampu za ziada huinyonya yote mara inapodondoka na kuipeleka kwenye tangi refu jembamba lililo pembeni, ambamo hewa hujitenga na oili. Pampu ya shinikizo hufyonza chini kabisa ya tangi hilo. Mfumo huu si mgeni kwa pikipiki: zile za zamani za Uingereza kama BSA na Triumph zilikuwa na tangi la oili lililotengwa na injini. Ubaya wake ni gharama na wingi wa mipira na viungio, ambavyo kila kimoja kinaweza kuvuja.

Chochote kitakachochaguliwa, dereva anahitaji kuonywa. Geji ya mshale haisaidii sana, kwa sababu mtu anayekata kona kwa kasi haangalii geji. Taa kubwa nyekundu iliyo mbele ya macho, inayowaka shinikizo linaposhuka chini ya kiwango kilichochaguliwa, hufaa zaidi.

Oili yenyewe nayo ichaguliwe kwa makini. Katika pikipiki nyingi oili moja huhudumia injini, giaboksi na klachi. Oili nyingine za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze. Kwa sababu hiyo Japani iliweka kiwango cha JASO MA kwa pikipiki za klachi inayozama kwenye oili, na alama hiyo huandikwa kwenye kopo.

Bajaji na guta mjini Kigoma

Bajaji ilibuniwa tangu mwanzo kuwa na magurudumu matatu, kwa hiyo mtengenezaji alikwisha kuihesabu. Guta ni tofauti. Nyingi hutumia injini zilizokua kutoka kwenye michoro ya pikipiki ndogo, hasa ukoo wa Honda CG125 ya mwaka 1976, unaonakiliwa sana China. Injini hiyo ina historia ya kuvutia: wahandisi wa Honda waliona kwamba katika nchi nyingi wamiliki huchelewa kubadilisha oili, wakaamua kutumia fito za kusukuma valvu badala ya kemshafti ya juu, ili injini ivumilie uzembe.

Uvumilivu huo una sababu nyingine pia. Injini hizi za silinda moja kwa kawaida hushika krenki kwa beringi za gololi na konrodi kwa beringi za vijiti, ambazo huridhika na oili ya kurushiwa. Zikikosa oili kwa sekunde mbili haziungui. Injini ya Fireblade au R1 hutumia bushi nyembamba, ambazo mafundi huziita metali, na hizo ndizo zisizosamehe.

Isitoshe, guta haliwezi kukata kona kama gari la mbio. Kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, mchapuko ni theluthi moja hivi ya mvutano wa dunia, na guta lenye mzigo mrefu litapinduka kabla oili haijaleta shida. Kwa Kigoma, hatari kubwa iko kwenye milima. Mji umejengwa juu ya miteremko inayoshuka ziwani, na barabara ya Lumumba inapanda moja kwa moja kutoka kituo cha reli kwenda Mwanga. Mahali ambapo barabara hupanda mita 1 kwa kila mita 5, oili ndani ya sampu huinama nyuzi 11, na tofauti na kona ya sekunde 6, mlima huchukua dakika kadhaa. Guta lililosheheni magunia ya dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi hupanda kwa gia ya kwanza, injini ikilia, upepo wa kuipoza ukiwa mdogo, na oili ikizidi kuwa nyepesi kwa joto.

Sampu ikiwa imejaa, mwinamo huo si kitu. Lakini injini nyingi za ukubwa huu hubeba takriban lita 1 tu ya oili. Robo lita ikiungua au kuvuja, robo ya akiba yote imekwisha, na kinywa cha pampu ambacho kingebaki kimezama kwenye tambarare ya Ujiji kinaweza kuanza kufyonza hewa mlimani. Ndiyo maana chombo hufanya kazi wiki nzima bila kelele, kisha kikaanza kugonga siku ya kubeba saruji kupanda Mwanga, na dereva akalaumu mzigo.

Pikipiki ndogo nyingi pia hazina taa ya kuonya shinikizo la oili. Onyo pekee ni kijiti au kioo cha kuchungulia, na vyote viwili husema kweli tu chombo kikisimama wima mahali pa usawa, injini ikiwa imezimwa dakika chache. Kwenye baadhi ya injini kijiti hupimwa bila kukazwa, kwenye nyingine hukazwa kwanza. Kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachosema. Dereva anayetembea kilometa 100 kwa siku humaliza kilometa 3,000 kwa mwezi, kwa hiyo kupima mara moja kwa mwezi ni sawa na kutopima.

Kuna na upande wa mkataba. Madereva wengi hupeleka hesabu kwa mwenye chombo kila siku au kila wiki, na oili mara nyingi ni juu ya dereva. Siku biashara ikiwa mbaya, oili ndiyo inayoahirishwa, kwa kuwa ndiyo pekee isiyodai papo hapo. Injini ikinoki kabla mkataba haujaisha, deni hubaki palepale wakati chombo kimelala gereji. Makubaliano ya kukata fedha ya oili kwenye hesabu yenyewe, kabla ya kugawana, huondoa kishawishi hicho.

Sababu nyingine za pampu kukosa oili zinatoka gerejini. Gundi ya gasketi ikipakwa nyingi, masalio yake hukatika ndani na kuziba wavu wa kinywa cha pampu. Baadhi ya injini ndogo hazina filta ya karatasi bali kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krenki na kukusanya uchafu. Kikombe hicho kisiposafishwa hujaa tope.

Dalili na hatua za haraka

Sehemu ya juu ya injini ndiyo hupata oili mwisho, kwa hiyo ndiyo hulalamika kwanza: roka na kemshafti huanza kutoa sauti ya kugongagonga kama cherehani. Sauti nzito ya kunoki kutoka chini ina maana kwamba konrodi imeanza kulegea. Chenga zinazong'aa kwenye oili iliyomwagwa huonyesha chuma kinacholika.

Taa ikiwaka au kelele ikianza, injini huzimwa hapohapo, hata katikati ya mlima, wala si baada ya kufika. Oili hupimwa na kuongezwa. Kama kiwango kilikuwa sawa, fundi hufungua kifuniko cha valvu na kuwasha injini kwa sauti ya chini. Oili isipoonekana juu, tatizo liko kwenye pampu, wavu au njia iliyoziba, na kuongeza oili nyingine hakutasaidia.

Injini za boti za mizunguko miwili, zinazotumiwa na wavuvi wa dagaa, hazina sampu kabisa. Oili huchanganywa na petroli, mara nyingi lita 1 kwa lita 50 au kama kitabu kinavyoagiza. Huko kukosa oili kunamaanisha jambo moja: mtu alijaza petroli tupu. Kosa hilo halionyeshwi na kijiti chochote, kwa hiyo mchanganyiko hufanywa kwenye dumu lenye alama, kamwe si kwa kukadiria ndani ya tangi.

Oili chafu inayotolewa haifai kumwagwa mtaroni, kwa kuwa mitaro ya Kigoma na Ujiji huelekea ziwani. Mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa Tanganyika, uliotiwa sahihi Dar es Salaam mwaka 2003 na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, unazitaka nchi hizo kuzuia uchafuzi. Gereji huikusanya kwenye madumu yenye vifuniko.